Mwaka Ambao Mulwa Hakutoa Twiga

Kwanza ieleweke kwamba mimi si mtu wa kuchungulia. Dirisha langu linaangalia mfereji wa kuchotea maji, na mfereji ndipo watu wa uwanja wetu hapa mtaa wa Ziwani husemea mambo yao yote. Nikiwa nimesimama dirishani naosha vyombo, masikio nitayaweka wapi? Basi haya ya jirani yangu Mulwa nimeyapata kwa njia ya halali.

Mulwa ni Mkamba wa Wamunyu, mchongaji wa vinyago. Kila asubuhi hutembea hadi banda la wachongaji lililo nyuma ya soko, si mbali na Muthurwa ninakouza mitumba ya watoto. Wenzake huchonga simba, vifaru, wazee wenye mikuki. Yeye ni twiga tu, miaka thelathini na zaidi. Ukimwuliza sababu atakwambia twiga ni mwembamba kama tawi lenyewe, kwa hivyo mti haupotei bure. Mtu huyu hawezi kutupa hata vumbi la msasa. Hulileta nyumbani kwa mfuko, na mkewe Kaluki hulitia kwenye jiko.

Sasa, watalii hawanunui twiga mwenye sikio moja. Hao walioharibika Mulwa alikuwa akiwaweka, na Krismasi ikifika, baada ya kanisa, anapita nyumba kwa nyumba akigawa. Nyumba kumi na mbili, twiga kumi na wawili, kila mwaka. Mimi ninao kumi na tisa, na hakuna hata mmoja anayeweza kusimama bila kuegemezwa ukutani. Mzee Shiundu, ambaye ni mzee wa kanisa na pia mzee wa uwanja, aliwapanga wake kwenye shamba la sukuma kama ua. Job, dereva wa lori, huwatia chini ya tairi akipaki mahali penye mwinuko. Hakuna aliyethubutu kumwambia Mulwa basi, imetosha. Ilikuwa Krismasi, tukasema asante na kurundika.

Na sisi wengine tusijifanye watakatifu. Mimi nina seti nne za bilauri nilizopewa na mashemeji, hazijawahi kuona maji, nangoja Krismasi ya kumpa mtu mwingine. Kila Desemba tunabandika pamba madirishani ati ni theluji, sisi ambao tukiona mvua ya mawe tunakimbilia chini ya kitanda. Tunapulizia watoto baluni, tunafunga sabuni kwa karatasi za kung'aa, na tarehe ishirini na saba vyote viko kwenye lundo la taka. Nikiliwaza hilo hukasirika, halafu Desemba nyingine nanunua pamba.

Ni kwenye lundo hilo ndiko mambo yalikoanzia. Januari iliyopita Mulwa alienda kumwaga taka, akawakuta twiga wake saba wamelala katikati ya baluni zilizopasuka. Hilo angelimeza. Majirani ni majirani. Lakini kando yao alikuwapo wa nane, mwenye miguu mitatu, ambaye alikuwa amempa Kaluki kwa mkono wake siku nane tu kabla. Nilimwona akisimama pale mpaka nzi wakamzoea. Kisha akarudi na ndoo tupu, akaingia ndani, na hakumwuliza mkewe lolote.

Hakumwuliza kwa miezi kumi. Ilipofika Novemba akaja kwenye kibanda changu Muthurwa, akashika sweta ya mtoto mchanga, akaigeuza, akaikunja, akaigeuza tena. Mwishowe akaniambia kwamba Krismasi hii anataka kumpa Kaluki kitu kimoja asichoweza kutupa, na akikitupa hicho nacho, atajua kwamba hakuwa akitupa twiga, bali mume. Nilicheka. Halafu nikaona uso wake, nikampa kiti.

Nilimwambia jambo rahisi kabisa, amwulize anataka nini. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia avue suruali sokoni. Mwanamume aliyeoa miaka thelathini na mmoja, alisema, akimwuliza mkewe anapenda nini, amekiri kwamba miaka yote hiyo alikuwa amelala. Hapana. Yeye ni mchongaji, kazi yake ni kuangalia. Atamwangalia Kaluki mpaka aone anachokosa. Na kwa kuwa hataki kukosea, ataanza kwa kutuangalia sisi, kujipima.

Hivyo ndivyo ilivyotangazwa mwanzo wa Desemba kwamba mwaka huu hakuna twiga, kila mtu atachongewa kinachomfaa. Mulwa akanunua daftari la shule, akabana penseli nyuma ya sikio, akaanza kutuzunguka. Anakukuta unaanua nguo, anasimama, anakutazama, anaandika. Unamwuliza unaandika nini, anakwambia endelea tu.

Uwanja ulibadilika. Job alirudisha pampu ya baiskeli aliyoazima mtoto wake akiwa darasa la pili, na sasa mtoto huyo ana ndevu. Shiundu kila akipishana na Mulwa alikuwa akishika kiuno na kumwambia Mungu, kwa sauti, kwamba mtumishi wake hajawahi kumiliki kiti chenye mgongo. Triza wa kwaya alijikumbusha mara mbili kwa siku kwamba chombo chake cha vipodozi ni kopo. Mimi sikusema kitu. Nilitaja tu, nikipita, kwamba televisheni yangu imekaa juu ya ndoo.

Krismasi ikafika. Tulitoka kanisani tukaweka meza mbili uwanjani, chapati, kuku na wali wa mbaazi, na Shiundu akaombea chakula mpaka mchuzi ukaganda. Mulwa akaja na gunia. Kila kitu alikuwa amekifunga kwa gazeti kuukuu na kamba ya katani, maana karatasi za kung'aa alikwisha kuzikataa.

Triza alitangulia. Alifungua akakuta kayamba nzuri, mbegu zinalia vizuri, na Mulwa akamweleza kwa upole kwamba wakati kwaya inaimba yeye anaweza kutikisa hiyo. Tulimwelewa wote, pamoja na Triza. Job alifuata. Alipewa ubao mpana wenye vigingi, na chini ya kila kigingi Mulwa alikuwa amechonga kwa patasi kitu na mwenyewe: nyundo ya Shiundu, pasi ya Triza, mwavuli wa marehemu Ndanu. Job akausoma kutoka juu hadi chini.

"Mzee, umenianika hivi mbele ya watu," alisema.

Mulwa akamjibu kwamba vigingi viwili vya mwisho ameviacha bila jina, kwa mwaka ujao.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Shiundu alikuwa ameshanyoosha mikono kupokea kiti chake, na kumbe zawadi ni ya mkewe: kifuniko cha mbao, kizito, cha kufunika sufuria, ili chakula kisipoe mzee anapoomba. Mama huyo, ambaye sijawahi kumsikia akicheka tangu nihamie hapa, alikibana kifuani akatokwa na machozi ya furaha. Shiundu aliangalia mbinguni, lakini huko nako hakupata msaada.

Kisha mimi. Nilipewa kigoda. Ni kigoda kizuri, sikatai, cha jakaranda, kimepigwa msasa hadi kinateleza. Nikauliza ni cha kukalia wapi. Mulwa akasema amepima dirisha langu kwa nje, na nikikalia hicho macho yangu yatakuwa sawasawa na ukingo wa dirisha, nisichoke miguu. Watu walicheka mpaka mbwa akabweka. Job, ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa analia kuanikwa, ndiye aliyecheka zaidi.

Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Mulwa alituchagulia, kila mtu la kwake, na akalipiga msasa. Baada ya nusu saa uwanja mzima ulikuwa umenuna, chapati zimeachwa mezani, na wengine wanasema heri twiga. Aliyebaki akicheka ni Kaluki peke yake. Alikuwa ameinama, ameshika magoti, leso imeanguka. Nilikuwa sijamwona hivyo miaka mingi, na hasira yangu ikapungua kidogo nilipokumbuka kwamba zamu yake ilikuwa haijafika.

Mulwa alitia mkono kwenye gunia, akautoa mtupu. Akafungua daftari mbele ya mkewe. Ukurasa ulikuwa umeandikwa jina juu, Kaluki, na chini yake hakuna kitu. Alikuwa amefuta na kufuta mpaka karatasi ikatoboka.

"Mama Mbeti," alisema, "nimekuangalia wiki tatu. Sikuona unachokosa."

Ninasema bila aibu kwamba niliogopa. Kaluki aliacha kucheka. Akaokota leso yake, akaifunga polepole, akamwuliza kama kweli hakuona. Mulwa akasema kweli. Akamwuliza tena, hata akiwa amelala hakuona? Mulwa akasema akiwa amelala angeonaje.

"Kitanda, Baba Mbeti," Kaluki alisema. "Mguu wa upande wako ulivunjika mwaka ule Mbeti alipoolewa. Ukaweka tofali, na tofali ni fupi. Miaka tisa kila nikilala nateremka hadi kwako. Mgongo wangu umekwisha."

Mulwa alisimama na daftari lake. Nilimwona akihesabu hiyo miaka tisa, usiku baada ya usiku.

"Mimi nilidhani unanipenda," alisema.

Watoto walitumwa haraka wakachote maji, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa. Shiundu alipata kikohozi. Kaluki mwenyewe hakuwa na haraka. Alisema kupenda anampenda, lakini ule mteremko haukuwa wake. Na Krismasi iliyopita, alipoletewa twiga wa miguu mitatu katika nyumba ya kitanda cha miguu mitatu, alidhani mumewe anamcheka, ndiyo maana alimtupa. Angekuwa na miguu minne angemweka juu ya redio na wenzake ishirini na wanane.

Fikiria, mtu mwenye tezo, patasi na misumeno ya kila aina amelala juu ya tofali miaka tisa, na wiki tatu nzima anazunguka na penseli akitafuta tatizo la Job. Nilitaka kumwambia maneno. Lakini alikuwa tayari ameingia ndani, na mara tukasikia kitanda kikiburutwa. Alikitoa hadi uwanjani, mbele yetu sote, pamoja na tofali lenyewe. Job, ambaye alikuwa amenuna kuliko watu wote, aliinuka akaenda kuleta nyundo ya Shiundu. Shiundu akashika upande mmoja. Mimi nilikalia kigoda changu nikawaelekeza, na wala hawakunishukuru. Kufikia saa kumi na moja kitanda kilikuwa na miguu minne, na mguu mpya ndio uliokuwa mzuri kuliko yote, laini, umenyooka, ila juu kidogo umenona na kupinda kama shingo ya mnyama fulani. Mkono uliozoea haukatazwi.

Jambo moja lilinisumbua. Wakati wanakirudisha kitanda ndani, Mulwa alitembea nyuma ya wote, mikono mitupu, kama mtu anayesindikiza jeneza. Nilielewa alichokuwa akikiogopa. Tofali lilikuwa limetolewa, na pamoja nalo ile sababu ya Kaluki kuteremka hadi kwake.

Asubuhi yake sikungoja dirishani. Nilichukua ndoo nikamkuta Kaluki kwenye mfereji, nikamwuliza moja kwa moja kitanda kikoje. Akasema kimesawazika kama sakafu ya kanisa. Mulwa alilala ukingoni kabisa, amekauka kama ubao, hata blanketi hakuvuta. Alimwambia lala salama kwa sauti ya mtu anayesafiri.

"Halafu?" nilimwuliza.

Kaluki alifunga mfereji, ingawa ndoo yake ilikuwa nusu.

"Halafu nikasogea, Mama Lorine. Mwenyewe. Nikamfikia kule kule ukingoni."

"Naye akasemaje?"

"Akaruka akawasha taa. Akapiga magoti chini ya kitanda kuangalia kama mguu umevunjika."