Mwamba Ulioenda Msibani

Kila nikifungua mkebe wa gundi ya viatu, ile ya njano inayopanda puani kabla hujainua mfuniko sawasawa, narudi Malaba, kule mpakani, nikiwa na miaka tisa, makasi mkononi, nikijiona fundi. Wenzangu wakiinusa wanakimbilia dirisha. Mimi navuta kwanza, dirisha baadaye.

Mama yangu alikuwa na kibanda cha ushonaji karibu na barabara ya malori. Asubuhi alishona sare za shule na kupunguza suruali za madereva. Mchana, wateja wakipungua, alitandika gunia juu ya meza na kuanza ile kazi yake nyingine, ambayo watu hawakuwa na jina lake. Alichukua vipande vya vitenge, nyavu zilizochakaa alizoletewa na wavuvi wa Osieko, vizibo vya soda na shanga, akaviunganisha kwa sindano na gundi mpaka vikawa picha. Majirani walimwita Mama Matambara. Yeye alicheka nao. Mimi ndiye niliyenuna kwa niaba yake. Niliijua kazi ile vizuri, maana vizibo nilivyoosha mimi havina idadi.

Safari ninayowasimulia, mama mmoja wa Kisumu aliyekuwa akiandaa maonyesho alikuwa amemtumia Mama ujumbe. Alitaka kazi moja kubwa, na angekuja kuichukua Jumamosi. Hakuna aliyewahi kumwalika Mama popote na vitambaa vyake. Basi kwa miezi mitatu akashona foleni ya malori ya Malaba: malori ya vitenge, magurudumu ya vizibo, vumbi la nyavu. Nyuma ya malori akaweka mwamba wa Tororo, ule tuliouona tukisimama mlangoni kwetu, uko Uganda lakini unajifanya jirani. Mwamba huo aliukata kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti ambacho Waganda hukiponda kwa nyundo za mbao mpaka kilainike, rangi yake udongo uliolowa. Akaudarizi shanga ndogo ndogo kutoka juu hadi chini. Mimi nilikuwa sijaona kitu kizuri kuliko mwamba ule, na bado sijaona.

Kilichobaki ilikuwa barabara. Karatasi ya kukatia umbo lake ilikuwa tayari mezani. Lubugo ndiyo ilikuwa imekwisha, na tulikuwa tukiisubiri kutoka kwa Nalongo, Mganda aliyeuza ndizi na mananasi sokoni. Nalongo ni jina la heshima la mama wa mapacha, na kwetu hatukumjua kwa jina jingine. Jamaa zake wa Masaka walitengeneza lubugo, na yeye ndiye aliyemletea Mama siku zote. Aliishi nyuma ya soko na mama yake, bibi mzee aliyependa kuja kukaa kibandani kwetu kutazama sindano ikienda.

Alhamisi asubuhi Mama aliitwa ghafla. Akaniachia kibanda bila kuniambia anakwenda wapi. Muda si mrefu akaja mtu wa boda boda na furushi.

"Nalongo amesema muweke hii hapa," akasema, akaondoka zake.

Nilipofungua nikakuta lubugo nzima, mpya, kubwa kuliko zote tulizowahi kuletewa. Nikasema, leo Mama akirudi akute barabara tayari. Alikuwa amenifundisha kwamba lubugo haikatwi ukingoni, kwa sababu ukingo ni mgumu na una matundu. Unakata katikati, pale palipolainika. Basi nikaitandaza sakafuni, nikaweka karatasi katikati kabisa, nikakata. Nikaipaka gundi ya viatu, nikaibandika kwenye gunia, nikaikandamiza kwa pasi baridi. Halafu nikakaa mlangoni kungoja sifa.

Mama alirudi macho mekundu. Mama yake Nalongo alikuwa amefariki usiku. Wangesafiri naye saa tisa kwenda kumzika kwao, na jamaa walikuwa wamefika alfajiri na lubugo ya kumvika. Nyumba ya Nalongo ilikuwa imejaa waombolezaji, hapakuwa na pa kuiweka, ndiyo maana akaituma kwetu. Hayo yote Mama aliyasema akivua kitambaa cha kichwa. Kisha akaona sakafu.

Mimi sikujua kwamba Waganda huwazika watu wao ndani ya lubugo. Nilijua tu ni kitambaa cha kazi ya Mama. Nilimwambia hivyo, naye hakunichapa. Ningependa angenichapa. Alijaribu kubandua barabara yangu kwa ukucha, pembe ikaanza kuchanika, akaacha. Gundi ya viatu haina mchezo. Lubugo nyingine pale ndani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mwamba.

Akachukua wembe, akaanza kuufumua. Shanga zikamwagika sakafuni, zikaingia chini ya cherehani.

"Mama, na Jumamosi?" nikalia.

"Jumamosi itajijua. Lete uzi."

Alishona kwa muda wa saa mbili bila kuinua kichwa, mishono midogo, mimi nikitunga uzi kwenye sindano. Saa nane tukaenda. Nalongo alikuwa ameketi kwenye mkeka. Mama alipiga magoti mbele yake jinsi Waganda wanavyofanya. Sisi ni Wateso, na sikuwa nimewahi kumwona akimpigia mtu magoti. Nikapiga yangu pembeni yake.

"Nalongo, mtoto ameikata," Mama akasema. "Nimeiziba. Lakini kukatwa, ilikatwa."

Nalongo alipitisha vidole juu ya kiraka. Vitundu vya shanga vilikuwa bado vinaonekana.

"Huu si ule mwamba?"

"Ndio huo."

"Na maonyesho?"

Mama alinyoosha ukingo wa kiraka kwa kidole. Nalongo akaikunja ile lubugo taratibu, kiraka kikiwa juu.

"Kale," akasema, yaani sawa kwa Kiganda. "Hiki kitakaa kifuani kwake. Na kile mtoto alichobandika, msikibandue. Mama yangu amekaa Malaba miaka mingi. Si lazima aondoke hapa kabisa."

Ijumaa Mama alikata gunia pale mwamba ulipokuwa, akazungushia shimo lile uzi mwekundu, na umbo la mwamba likabaki, ukuta ukionekana ndani yake. Yule mama wa Kisumu alipokuja akasimama mbele ya shimo lile kwa muda mrefu. Akauliza pana nini hapo.

"Pana mwamba wa Tororo," Mama akamwambia. "Umeenda msibani."

Aliichukua hivyo hivyo. Kule Kisumu watu walijaa mbele ya shimo kuliko mbele ya kitu kingine chochote, na walipotaka kuinunua Mama akakataa. Mimi nilisimama nimeipa kazi ile mgongo, kwa sababu niliamini aibu yangu ndiyo iliyotundikwa pale ukubwa wa mlima. Niliamini hivyo mpaka ukubwani.

Siku hizi nashona Busia mjini, kazi ile ile, na Mama anaishi Adungosi. Foleni ya malori imetundikwa juu ya meza yangu. Mwezi uliopita alikuja kunitembelea, na mteja mmoja akauliza habari za shimo. Mama akamsimulia kwa ufupi, haraka haraka. Kisha akamshika mkono akamsogeza kwenye barabara, akapitisha ukucha ukingoni mwake.

"Hii ilikatwa na huyu. Alikuwa na miaka tisa. Angalia kama amepindisha mahali."

Kumbe hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu tangu Kisumu, mmoja baada ya mwingine, na mimi nimegeukia mlango. Ilibidi nijifanye natafuta uzi chini ya meza.

Mteja aliinama, akaifuata barabara kutoka lori la kwanza hadi la mwisho, akasema haijapinda.

"Itapindaje?" Mama akasema. "Nilimfundisha mimi."