Kipa wa Dakika za Mwisho

Kaka yangu Castory Matonya alidaka miaka kumi na sita katika timu ya kiwanda cha mafuta ya karanga, Dodoma mjini. Watu walimwita kipa wa akiba. Nimechoka kulisikia jina hilo.

Vita vya Kagera vilipomchukua Fredy, kipa namba moja, nani alisimama golini? Castory. Fredy aliporudi mzima tulimshukuru Mungu, na kaka akarudishwa benchi bila hata asante. Tangu hapo aliingizwa dakika za mwisho tu, penalti zikinukia. Alikuwa anafumba macho, anasali, halafu anadaka.

Fainali ya mwaka 1993 alipangua mbili. Ya tatu aliifuata chini, akaangukia nyonga kwenye uwanja wetu usio na jani, mgumu kama sakafu. Sisi tunamwinua, katibu wa timu, Bwana Respicius, anazunguka uwanja na kombe kichwani.

Mwaka uliofuata kiwanda kikauzwa. Timu ikafa, Respicius akabaki kiwandani, tena meneja. Tulimfuata getini, kaka akijikongoja na fimbo.

"Mzee, naomba gari la kiwanda linifikishe hospitali ya Mvumi."

Respicius akacheka. "Castory bwana! Tajiri kanunua mashine, hakununua makipa. Tena wa akiba! Subiri, tutaona."

Kaka akasubiri, kama alivyozoeshwa. Nyonga ikatunga usaha. Wauza nafaka wa soko la Majengo walipompakia kwenye lori lao, alikuwa hajitambui. Bwana alimtwaa njiani.

Tulimzika kwetu Mlali. Respicius alikuja na shada kubwa kuliko yote. Familia ilipomaliza kuweka maua, mwongozaji wa mazishi akaita, "Mwakilishi wa mwajiri."

Nikamzuia njia. "Bwana Respicius, kaa kwanza. Leo wewe ndiye wa akiba."

"Loisi, dada yangu, tuko makaburini," akanong'ona.

"Ndiyo, na yeye yuko humo. Subiri, tutaona."

Mchungaji alinitazama, kisha akaanzisha wimbo. Fredy akatangulia kuweka ua, analia, wakafuata wachezaji, wauza nafaka, majirani, hata wapita njia. Respicius alisimama juani na shada lake mpaka beti zikaisha.

Alipoitwa, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa maua. Akaliweka shada lake chini, pembeni, kwenye vumbi.