Mjukuu wa Edgware na Thamesmead

Mimi ni mmoja wa watu wachache wanaopenda zile kurasa za Biblia ambazo wenzao huziruka. Zile za fulani akamzaa fulani, na fulani naye akamzaa fulani, mpaka ulimi unakauka. Kwenye kikundi chetu cha Biblia cha Jumatano hapa Thamesmead, London, tukifika hapo kila mtu huanza kutafuta miwani, kukohoa, na kuulizia chai. Mimi huomba kusoma. Baba yangu aliweza kutaja babu zake akirudi nyuma mpaka yule aliyefyeka msitu na kujenga pale tulipozaliwa, Nyeri, na alipenda kuwataja akiwa amenyoosha miguu karibu na moto. Nikiyasoma yale majina ya Kiyahudi, namsikia yeye.

Basi fikiria furaha yangu binti yangu aliponiletea mchumba Myahudi. Kanisani wako walionipa pole. Pole ya nini? Nilikuwa natembea kama mtu aliyepewa cheo. Nilimwambia rafiki yangu Mkongomani, ambaye tunahudumia wazee pamoja na ndiye anayeongoza kile kikundi cha Jumatano, kwamba sasa tunaingia ukoo wa Daudi moja kwa moja.

"Dada, tulia," akasema. "Umemuuliza kijana kwanza kama anajua kuosha vyombo?"

Anajua, tena vizuri. Ni kijana mpole, wa kazi za kompyuta, na githeri, mahindi na maharagwe yetu, anaila mpaka anafuta sahani kwa kidole. Mama yake alifariki kabla hatujafahamiana. Baba yake ni daktari wa meno mstaafu, anaishi peke yake Edgware, upande wa pili wa jiji, na hadi leo hukutazama meno kwanza, macho baadaye. Siku ya kwanza kukutana alinipa mkono, akaniambia karibu kwenye familia, kisha akaniambia gego langu la chini linahitaji kuangaliwa. Nilimpenda papo hapo. Si mtu wa sala nyingi, lakini nyama ya nguruwe haivuki kizingiti chake, na Ijumaa jioni huwasha mishumaa miwili kwa sababu mkewe alikuwa akiiwasha.

Binti yangu alipokuwa mjamzito, tumbo limeshachomoza vizuri, mkwe mwenzangu alitualika chakula cha Ijumaa. Binti alinionya mapema, kwa Kiingereza, kwa maana huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anaelewa yote na anakujibu anavyotaka: Mum, usipike kitu ukabeba, jiko la kwao lina taratibu zake za Kiyahudi. Haya. Nilishuka treni Queensbury makusudi kwa sababu kuna duka la Mhindi mmoja mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wanangu wote. Nikanunua mapapai na nanasi, nikapanda basi, nikafika Edgware nikinukia kama soko.

Kile chakula kilikuwa kizuri, na mazungumzo yakawa mazuri zaidi. Mzee alitusimulia habari za mkewe. Alikuwa mtu wa kuchelewa, huyo mama, kuchelewa kwa kipaji. Arusi, mazishi, tamthilia, treni, kila mahali. "Nusu ya ndoa yangu nimesimama mlangoni nikiwa nimevaa koti," mzee akasema. "Naye yuko juu anatafuta hereni." Tukacheka. Yeye alicheka kidogo, akarekebisha mshumaa ambao haukuwa umepinda.

Halafu, sijui nani alianza, tukafika kwenye habari ya mtoto. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba sisi Wakikuyu mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo huyu anayekuja ni wao, nasi tutakuwa wageni wake.

Mzee akaweka kijiko chini. "Lakini kwetu," akasema, "mtoto hufuata mama. Kwa sheria yetu huyu ni wenu."

"Ai! Wenu."

"Hapana, wenu."

Tukatazamana. Yaani mimi nilikuja kumkabidhi mjukuu, naye alikuwa amejipanga kuniachia. Mtoto hajazaliwa, na tayari mataifa mawili yanamsukuma huku na huku kwa adabu! Mkwe wangu kijana alicheka mpaka maji yakampalia. Binti yangu alishika tumbo, akamwambia mtoto asisikilize.

Mzee akasema, unajua, zamani sana haikuwa hivyo. Akaanza kuhesabu kwa vidole, nami nikaingilia, kwa sababu hapo ndipo nyumbani kwangu. Yusufu alioa binti wa kuhani wa Misri, na wanawe wakawa makabila ya Israeli bila mtu kuuliza mama ni nani. Musa alimwoa Mmidiani. Na yule mjane Mmoabi aliyeokota masazo mashambani, mgeni kabisa, ndiye bibi wa baba yake Daudi. Mzee akapiga meza. "Kwa baba!" akasema. "Siku hizo ilikuwa kwa baba, kama kwenu. Kuhesabu kwa mama kulikuja baadaye, na hata leo wataalamu hawajaelewana ni lini." Nikamkumbusha yule kijana aliyesafiri na Paulo, mama Myahudi, baba Myunani, na jinsi watu walivyokuwa wakinong'ona juu yake. "Unaona?" akasema. "Hata wakati ule walikuwa hawajui wamweke wapi." Macho yake yalikuwa yanawaka. Kwa wakati huo tulikuwa wazee wawili wenye raha kuliko wote London.

Raha hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilisimama na glasi yangu ya juisi ya zabibu. Nikatangaza kwamba kwa vile tumbo limekaa chini na limechongoka, huyu ni mvulana, na mimi huwa sikosei. Na kwa mila yetu, mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, awe hai asiwe hai, na hai ni bora zaidi. "Jina lako, Baba!" nikamwambia kwa sauti yangu ya kanisani. "Unazaliwa upya! Mtoto anakuja kuchukua nafasi yako!"

Mzee akapauka. Akasimama taratibu, akaenda jikoni, tukasikia maji ya bomba yakimwagika kwa muda mrefu kuliko glasi yoyote inavyohitaji. Aliporudi alikuwa na adabu ya mtu wa benki. Alitushukuru kwa kuja. Hakunitazama, hata meno.

Kwenye gari, binti yangu alinigeukia. Hawa hawampi mtoto jina la mtu aliye hai, Mum. Kamwe. Jina ni la aliyekufa. Ukimpa mtoto jina la babu aliye hai ni kama umemwambia babu ajiandae. "Umemwambia mtoto anakuja kuchukua nafasi yake! Mezani kwake! Mbele ya mishumaa!"

Woi! Kwetu hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Wazee wa kwetu hungoja jina lao wakihesabu mimba za wake za watoto wao, na asiyepata hununa. Nami nilikuwa nimempakulia mzee wa watu heshima hiyo, yeye akaiona kaburi. Nilitamani ardhi ifunguke, pamoja na gari lenyewe.

Nilimpigia simu kuomba radhi. Alisema hakuna neno, mambo ya kawaida, mila ni mila, akaniuliza hali ya lile gego. Akakata. Tukamwalika kwenye chakula cha kumwombea binti yangu. Akasema mguu unamsumbua. Mwanawe alienda kumwona, akarudi, akaenda moja kwa moja kuosha vyombo. Miezi ile yote ya mwisho ya mimba mzee hakukanyaga Thamesmead.

Hofu yangu haikuwa jina tena. Hofu yangu ilikuwa kwamba mzee ana mlango wa kutokea, tena wa kisheria. Ana haki ya kusema mtoto hufuata mama, basi, ni wenu, nawatakia heri. Na mkwe wangu alikuwa amebaki na mzazi mmoja tu duniani. Jumatano moja tukasoma pale Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni walipoambiwa wawaache wake wa kigeni pamoja na watoto waliozaliwa nao. Nilikuwa nimesoma mahali pale mara nyingi bila kujikwaa. Safari hii nilifunga kitabu.

"Nilisoma 'pamoja na watoto' nikamwona wangu," nikamwambia rafiki yangu.

Yeye alitoka kwao kwa miguu, na watoto wake wako nchi tatu tofauti. Alinimiminia chai. "Dada, ukoo wa Yesu wenyewe una yule Mmoabi ndani," akasema. "Hawakufanikiwa kuwafukuza wote. Kunywa."

Mtoto alichelewa. Siku iliyotajwa hospitalini ikapita, wiki ikapita, binti yangu akazunguka ziwa la hapa Thamesmead mpaka mabata wakamzoea. Alipokuja, alikuja mchana, kwa makelele, akiwa na nywele tele. Msichana. Msichana! Mimi niliye na macho ya kujua matumbo! Wauguzi walinisikia nikicheka kutoka kwenye korido.

Nikiwa nimemkumbatia, bado wa moto, binti yangu akauliza kutoka kitandani, tena kwa Kiswahili, jambo ambalo nahisi ni uchovu: "Mama, msichana wa kwanza ni jina la nani?"

Nilianza kumjibu, na jibu likanishtua mwenyewe. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Ndivyo ilivyo kwetu, tangu huko ambako baba yangu alianzia kuhesabu. Na mama ya baba wa huyu alikuwa amelala chini ya jiwe huko kaskazini mwa London, kwa hiyo jina lake lilikuwa huru kabisa, kwa sheria yao na kwa mila yetu. Mkwe wangu kijana alielewa kabla sijamaliza. Nikamwambia jambo la pili, kwamba kwetu anayeitwa jina huwa ni huyo mtu: wewe utamwita mtoto huyu Mama, na hakuna atakayekucheka. Akageukia dirisha akalia kama mtoto. Mimi naye tukalia pamoja, na yule mwenye jina akaungana nasi.

Kijana akampigia baba yake simu. Alifaulu kusema ni msichana, wazima wote, lakini jina hakuweza kulitaja kwa simu, akasema tu, njoo Jumapili utaambiwa. Mzee akasema hongera sana, akasema ataona kama mguu utamruhusu.

Jumapili hiyo nilinunua sufuria mpya ambayo haijawahi kuonja nyama, nikapika maharagwe na chapati, ili asipate kisingizio. Mchana ukapita. Chapati zikapoa, nikazipasha, zikapoa tena. Binti yangu akaanza kuniambia nikae chini. Kijana alikuwa dirishani, na hakuna aliyetaka kumwambia atoke pale.

Kengele ikalia. Nilifungua mimi. Mzee alikuwa amesimama kwenye korido na koti lake zito, vifungo vyote vimefungwa, kofia mkononi.

"Sitakaa," akasema. "Nimekuja kuwapongeza tu. Najua mtoto ni wenu, nami sitaki kuwa..."

"Wetu na nani?" Hasira ilinipanda, haki ya Mungu, hasira ya miezi yote ile. "Mbona unasimama huko nje ukigawa watoto? Huyu ni wa nyumba yako. Kwa zamani zenu za Daudi ni wako, kwa mila yangu ni wako, na jina lake limetoka kitandani kwako! Msichana wa kwanza kwetu ni mama ya baba yake. Hakuna aliyekaa akaamua. Ndivyo ilivyo."

Hakusogea. "Jina gani?" akauliza, kama mtu asiyejua mkewe aliitwaje.

Mwanawe akaja nyuma yangu na mtoto, akalitaja. Nilikuwa sijawahi kusikia jina lile likitajwa mbele ya mzee. Hata siku ile ya mishumaa alisema "mke wangu" tu. Kofia ilimwanguka. Nilisahau hasira yote. Nikamchukua mtoto, nikamweka kwenye mikono yake, juu ya lile koti, nikamwambia kwetu huyu hatumwiti mjukuu wako.

"Mnamwitaje?"

"Mke wako. Na amekungoja tangu asubuhi."

Alimtazama. Mtoto alipiga miayo, bila jino hata moja la kukaguliwa. Mzee akaanza kucheka, mabega yakitikisika, machozi yakimdondoka moja kwa moja kwenye blanketi. Akaliita lile jina mwenyewe, polepole, kisha akainamisha kichwa karibu na sikio lile dogo.

"Umechelewa tena," akamwambia.

Ndipo akaniruhusu nimfungue vifungo vya koti.