Kadi ya mtandao iligombana na mzani wa samaki, nami nikamponza Kalunde

Vijana wa jukwaa hili na wakuu wengine, shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba.

Kuna kijana humu kaandika kwamba kila akiweka Windows upya kompyuta yake inaganda, akauliza kama kuna mtu kamfanyia kitu. Mlimcheka. Mimi sikucheka.

Nimesoma hadi darasa la nne, maandishi yangu mtayavumilia. Ila hili nililiona kwa macho yangu, na aibu yake ni yangu. Siwezi kudanganya kitu kinachoniaibisha mwenyewe.

Miaka ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vilipoota kando ya ziwa hapa Mwanza, nilipata kazi ya usafi kwenye kimoja. Minofu ilipanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Kalunde, mjane wa Buswelu, mkubwa kwangu. Jioni alikaanga mapanki ya kuuza, na moshi ulimfanya macho yawe mekundu.

Kwetu Usukumani mwanamke mzee mwenye macho mekundu anajua watu wanasema nini akipita. Wanasema mchawi.

Basi ikaletwa kompyuta chumba cha kupokelea samaki. Waya mmoja ulitoka kwenye mzani mpya, kilo ziingie zenyewe. Waya mwingine wa mtandao ulikwenda ofisini kwa meneja.

Fundi alikuwa Deus, kijana wa mjini. Akachomeka kadi ya mtandao, akaweka Windows, jioni akajaribu mtandao. Meneja akaona kila kitu kwake. Tukapiga makofi.

Asubuhi Kalunde akafuta sahani ya mzani, kazi yake ya kila siku. Kompyuta ikaganda.

Samaki hawasubiri. Wakapimwa kwenye mzani wa zamani wa mawe, huku Deus akifuta kila kitu na kuweka Windows upya kutwa nzima. Jioni akajaribu mtandao, safi. Mzani hakuugusa.

Asubuhi ya pili, Kalunde na kitambaa chake. Ikaganda.

Asubuhi ya tatu wapakuaji walikuwa wamejaa mlangoni kutazama. Ikaganda tena. Hapo mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema:

"Kwa fundi haigandi. Inaganda kwa mkono wa mtu."

Mpakuaji mmoja akadakia, akinitaja, "Mama Shija kasema! Yeye ndiye anayeshinda naye!" Wakacheka, lakini kile hakikuwa kicheko.

Kalunde akanigeukia. "Mdogo wangu, mimi na wewe tunakunywa chai kikombe kimoja."

Nikainama kusugua sakafu. Meneja akamwambia asirudi. Maneno yakafika Buswelu kabla yake.

Kesho yake kitambaa kikawa changu. Deus alikuwa ametoka kunywa uji. Nikafuta sahani.

Kompyuta ikaganda chini ya mkono wangu.

Niliwaza watoto wangu wanne, nikawaza wale wapakuaji. Nikanyamaza. Deus aliporudi akadhani imeganda yenyewe, akaanza kuweka Windows mara ya nne, mimi nampelekea chai tu.

Jioni hiyo nyumba ya Kalunde ikachomwa.

Habari ilinikuta kazini asubuhi. Nikamfuata Deus. "Mwanangu, jana iliganda kwangu. Si mkono. Ni mzani."

"Mama, kwa nini hukusema jana?"

Akafungua kifuniko cha kompyuta kwa mara ya kwanza tangu yaanze. Akaichomoa kadi, akaniambia nimmulikie tochi.

"Ona. Kadi hii imepangwa kuita mashine kwa namba tatu. Na ule mlango unaoingia waya wa mzani nao unatumia namba tatu. Ukikandamiza sahani kwa kitambaa mzani unaita, na mashine haijui ni nani anaita. Inaganda."

"Ng'ombe wawili kigingi kimoja," nikasema.

"Ndiyo hivyo, mama."

Akahamisha kidude cheusi, kidogo kama punje ya mtama, kikaenda namba kumi. Akairudisha kadi, akaiambia na Windows namba mpya. Akasema, "Futa." Nikafuta. Haikuganda. Nikafuta tena na tena, mpaka akanishika mkono.

Nilimfuata Kalunde ng'ambo ya maji, Busisi, kwa dada yake. Mkono wa kuume ulikuwa umeungua mpaka kiwiko. Hakunikaribisha kuketi.

"Mashine imepona?" akaniuliza.

"Imepona, dada."

"Basi rudi ukaifute."

Hakurudi Buswelu mpaka kufa kwake.

Kwa hiyo wewe kijana, acha kuweka Windows mara ya tano. Chomoa vyote, rudisha kimoja kimoja, tazama kila kimoja kimepewa namba gani. Na ukijaribu, jaribu mashine na kile itakachofanya nacho kazi, usiishie pale panapokufurahisha.

Nawe uliyewahi kuona ubovu wa kitu akabebeshwa mtu, andika hapa chini. Ukitaka kunilaumu, nilaumu, nitasoma.

Kwangu niliporudi kutoka Busisi niliwaita watoto wote, nikawaambia, na leo wajukuu nawaambia hivyo hivyo: humu ndani kitu kikiharibika, asitaje mtu jina la mtu kabla kifuniko hakijafunguliwa. Na kikikuharibikia wewe mkononi, sema siku hiyo hiyo.