Mapanga ya Kukata Upepo

Hadi leo damu hunichemka nikipita pale palipokuwa na kizuizi cha polisi kwenye barabara ya Sori, ingawa chenyewe kiliondolewa zamani. Ilikuwa miaka ya tisini, uchaguzi ukikaribia, na kule mpakani watu walikuwa wakiibiana ng'ombe na kukatana. Mimi nilikuwa fundi wa bati mjini Migori, nikitengeneza masanduku ya wanafunzi na makarai.

Kina mama wa kijiji kimoja karibu na Sori walikuwa na kinu cha upepo cha zamani, cha kuvuta maji kutoka kisima kirefu. Dhoruba iling'oa mabawa yake yote ila moja. Tangu hapo walichota mtoni, kwenye maji yaleyale ambamo wachimba dhahabu walioshea mchanga wao, na watoto wakawa wanaumwa matumbo kila wiki. Mwenyekiti wao, mama mjane, akaniletea lile bawa lililobaki niliige. Sisi mafundi huyaita mapanga, kama ya feni.

Panga la kinu si bati la kukata tu. Lazima lipinde kidogo, kama kiganja kinachoteka maji, na yote yapinde sawasawa. Moja likizidi, mnara mzima unatetemeka. Nililaza kila kipande juu ya bomba nene, nikakigonga polepole kwa nyundo ya mti, nikakilinganisha na lile la zamani. Nilipomaliza niliyatia guniani, nikapanda pikapu ya abiria.

Kizuizini afande akauliza, "Mzee, gunia lina nini?"

Ningesema bati, tungepita. Lakini nilijivunia kazi yangu, nikakiita kitu kwa jina lake.

"Mapanga, afande."

"Mapanga ya kukata nani?"

"Ya kukata upepo."

Pikapu nzima ikacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Alilifungua gunia mwenyewe. Aliona hakuna makali wala mpini. Hata askari mwenzake alimwambia, "Afande, si ni mabati tu haya?" Lakini alikuwa ameshachekwa mbele ya watu.

"Amesema mwenyewe ni mapanga! Shuka!"

Nililala seli. Asubuhi wakaniachilia, mapanga yakabaki, eti ni ushahidi. Ushahidi wa nini? Niliporudi kuyadai niliyakuta nyuma ya kituo, yamepondwa yakawa bapa, yamepigiliwa misumari kuzunguka banda la kuku. Kuku! Ule mpindo niliouhangaikia, mtu aliunyoosha kwa jiwe ili kuku wa afande wasilowe.

Nilimwambia yule mwenyekiti kwamba sitagusa bati la kinu tena mpaka afande aniombe radhi.

"Omera," akasema, yaani ndugu yangu, "aliyekukosea ni yeye. Sisi tumekukosea nini?"

"Ni heshima yangu, mama."

"Haya. Na wewe na huyo afande mnakunywa maji ya wapi?"

Nilizunguka na hasira yangu katika kila kibanda cha chai mjini, na kila aliyenisikiliza alikubali kwamba nimeonewa. Nilionewa kweli, na nitalisema hilo hadi kaburini. Lakini kina mama walichota mtoni kiangazi chote, na baada ya siku ile aliyewaacha huko hakuwa polisi tena, nilikuwa mimi.