Masikio ya Ngozi ya Mbuzi

Nyumbani kwetu tuliyaita masikio. "Mama ameshavaa masikio," watoto walikuwa wakisema, na hapo kila mtu alijua hata nyumba iungue sitoki. Zilikuwa hedifoni kubwa nyeusi, kaka yangu aliniletea kutoka Nairobi pamoja na redio kaseti, miaka ya themanini ikianza.

Panya walikula sponji mwaka uleule. Nikazipeleka kwa fundi wa redio pale Kabati. Alicheka, akasema vipuri vya namna hiyo hata Nairobi utavitafuta uchoke. Akashona ngozi ya mbuzi mahali pa sponji, akajaza pamba ya shamba letu. Jua likiwaka zilinuka zizi. Lakini sauti! Ule ukali wa redio, kama bati likikwaruzwa, ulikufa wote. Ikabaki sauti nene, yenye joto, kama mtu anakusemesha huku amekuegemea begani. Hata yule wa kusoma matangazo ya vifo alisikika kama ndugu wa marehemu. Fundi mwenyewe alizijaribu, akasema, "Hapa nimeharibu vizuri."

Mimi nilizitaka kwa kitu kimoja tu: mwaitu. Ndivyo nilivyomwita mama yangu, aliyeishi juu kule Mbooni. Nilimrekodi akibambua mbaazi huku akiimba nyimbo za kilumi, ngoma ya wanawake wakongwe ambayo kanisa letu halitaki hata itajwe. Mwaka uliofuata akafa. Nilivunja vile vimeno viwili vya mgongoni mwa kaseti ili isirekodiwe tena, na mchana kazi zikipungua nilivaa masikio nikamsikiliza. Nilisikia mpaka pumzi yake, mpaka maganda yakianguka kwenye ungo. Kupitia ile ngozi alikuwa karibu nami kuliko alivyowahi kuwa akiwa hai.

Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwa mtu wa makelele, alikuwa mtu wa methali. "Sikio la kufa halisikii dawa," alikuwa akisema akipita mbele yangu, akidhani sisikii. Nilisikia sana. Nilinyamaza tu, maana nilidhani mtu akishasema amemaliza.

Ngai! Siku moja nimetoka sokoni, nikavaa masikio, nikabonyeza. Badala ya mama, ati mwanamume anapaaza sauti juu ya moto wa jehanamu. Alikuwa mhubiri mgeni wa mkutano wa injili. Mume wangu alikuwa ameziba matundu ya vile vimeno kwa karatasi, akamrekodi juu ya mama yangu. Nilipomuuliza hakuona haya hata kidogo.

"Kaseti ni kaseti, mama. Na ile ilikuwa ya mizimu."

Nilimchukia. Sitafuti neno la adabu. Nilimpikia, nikampigia pasi suti ya Jumapili, na nikamchukia. Bahati ni kwamba mhubiri aliishiwa maneno kabla ya mkanda kuisha, kwa hivyo mwishoni kilibaki kipande: ubeti mmoja, mwaitu anacheka, basi. Hicho nilikisikiliza kwa uchoyo, mara chache, kwa kuwa mkanda huchakaa.

Miaka ikaenda, uzee ukamkamata mume wangu masikioni. Ukimwita haitiki, na redio aliisikia kama mikwaruzo tu. Binti yetu ndiye aliyemvalisha masikio yangu. Mzee akashtuka, machozi yakamtoka. Ile sauti nene ilimwingia. Tangu siku hiyo masikio hayakunirudia. Kila mchana aliketi nje ya mlango akitaka mahubiri yake ya ile kaseti, nami ndiye niliyemwekea.

Siku moja mahubiri yakaisha, nikasahau kuzima. Nikaona ameinua mkono.

"Mama, huyu ni nani? Anaimba vizuri, jamani. Mbona hamjawahi kunisikilizisha?"

Niliinama mbele ya uso wake nikamwambia kwa sauti ambayo hata majirani waliipata: "Ni mama yangu! Yule uliyemfuta!"

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayesalimiwa kutoka ng'ambo ya mto asishike neno. "Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Kesho yake pia, na kesho kutwa. Mara nyingi niliapa kuificha ile kaseti. Lakini miaka yote alimkataa mama yangu, na sasa alimwomba kila mchana. Nilitaka amwombe.

Waya wa masikio ukishachomekwa, redio haitoi sauti nje. Kwa hivyo niliketi kando yake na ungo wangu wa mbaazi, nikimtazama. Kidole chake kikigonga goti, nilijua wimbo umeanza. Akitabasamu, nilijua mwaitu amecheka. Kisha alinyoosha mkono, macho ameyafumba, nami nikabonyeza, na mkanda ulirudi nyuma ukikwaruza zaidi kuliko jana.