Viatu Vyetu Sandukuni mwa Mama

Mjukuu wangu anafanya kazi ofisini. Ugonjwa ukisikika nchi ya jirani, wakubwa wake wanawapa dawa ya kunawa mikono na kuwasomea maagizo. Mimi wakati wangu nilinyang'anywa viatu. Sioni kama yeye amelindwa kuliko mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa Gisenyi, wakati wa Mbelgiji. Nilikuwa msichana, nafanya kazi barazani kwa mjane mmoja Mwislamu aliyeachiwa cherehani na mumewe. Sote tulimwita Mama. Fundi wake mkubwa alikuwa kijana wa mjini, mikono mizuri, maringo makubwa zaidi. Mimi nilishona vifungo na kupima wanawake, kwa sababu si adabu mwanamume kumzungushia mke wa mtu meta kiunoni. Wateja wetu wazuri walikaa Goma, upande wa Kongo, basi kila mara nilivuka kwenda kuwapima, ule utepe wa meta shingoni.

Ndui ikaingia Goma. Serikali ilikuwa bado haijafunga njia. Mama akafunga yeye. Alitupeleka kuchanjwa mkononi, na muuguzi akasema tusikaribie kwenye ugonjwa hadi kidonda cha chanjo kikauke na ndui yenyewe itulie. Tuliporudi, Mama akafungua sanduku la mbao.

"Viatu humu."

"Mama, viatu imefanya nini?" fundi akauliza.

"Haiyafanya kitu bado. Ndiyo maana naifunga."

"Sasa nyumbani tutafika namna gani?"

"Nyumbani utafika na miguu. Goma hautafika."

Alijua watu wake. Njia ya Goma ilikuwa ya mawe meusi ya volkano, yanayokata soli ya ngozi, sembuse nyayo. Na fundi yule alikuwa na viatu vya rangi mbili alivyonunua Bukavu. Afadhali angetembea bila shati kuliko bila viatu vile. Kumwambia asiende Goma kungekuwa maneno tu. Kumvua viatu kulikuwa ukuta.

Mshahara haukupungua, nami nasema hivyo ili mtu asidhani tuliteswa. Mchana alitupikia. Nguo zilizotoka Goma kurekebishwa alizichemsha kwanza, na moja ilichuja rangi mpaka mwenyewe akaikana. Mama akasema heri nguo ife.

Lakini fundi alikuwa na mchumba, na mchumba alikaa huko huko Goma. Ndoa ilipangwa baada ya Idi. Fundi aliapa kwamba gauni la harusi atalishona yeye, na mimi nilikuwa bado sijaenda kumpima binti. Juma la kwanza likapita, hakuna aliyetokea kwa wakwe. La pili pia. Ndipo muuza viazi mmoja akatuletea maneno yao, akiwa amesimama mbali barabarani kama Mama alivyotaka: kama fundi amepata mwingine Gisenyi, aseme. Ijumaa ikipita bila kumwona, kitambaa kitaenda kwa fundi mwingine, na binti naye si kwamba hana wanaomuuliza.

"Mama, mi nakufa," fundi akasema. "Nipe viatu, saa moja tu."

"Kufa iko Goma. Hapa ni mapenzi tu."

Jioni ile akajifunga miguu kwa vipande vya vitambaa, akaondoka. Kona ya kwanza watoto wakaanza kumfuata wakiimba. Akarudi.

Mama akawapelekea wakwe jibu: Ijumaa baada ya swala, waje mpakani, wao upande wao, sisi upande wetu. Meta wachukue yao. Hakuna kitu kitakachovuka isipokuwa sauti.

Walikuja: binti, mama yake, na bibi yake. Kati yetu palikuwa na uwanja wa mawe meusi, mbali kiasi cha kutupa jiwe. Fundi alijipanga nyuma ya Mama na mwavuli wake, tena nyuma ya jiwe kubwa, akatoa kichwa tu.

"Kifua," nikapiga kelele.

Mama wa binti akapima, akataja. Mabega, mikono, urefu. Wapita njia wakatua mizigo. Watu wa miji miwili walisikia mwili wa binti wa watu.

"Kiuno."

Binti akaushika mkono wa mama yake wenye meta. Halafu binti mwenyewe akajibu, "Hamsini na tano."

"Hiyo ni kiuno ya nyigu," Mama akasema. "Mwambieni atoe pumzi."

"Ndiyo hiyo, Mama," binti akashikilia.

"Andika hiyo hiyo," fundi akaninong'oneza.

"Nikiandika hiyo, gauni itapasuka mbele ya watu. Watasema ni sindano yako."

Hapo bibi wa binti akainua fimbo. "Sisi tunapima mutoto wetu mbele ya dunia nzima, na yeye tunaona kichwa tu. Huyu iko na miguu kweli?"

"Toka," Mama akamwambia fundi.

Akatoka. Suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unasimama wenyewe, na chini yake nyayo zenye vumbi, kidole kimoja kimefungwa kitambaa cha maua.

"Viatu?" bibi akauliza.

"Mama amefunga kwa sanduku, nisikuje kwenu nikakamata ndui. Bila hiyo ningekuwa hapo tangu juma la kwanza."

Binti akaangalia kile kidole cha maua. Akacheka, akacheka tena, akamshika mama yake asianguke. Na mama yake, mwanamke mwenye akili, akazungusha meta hapo hapo.

"Sabini na mbili," akasema.

"Mama," binti akamlalamikia mama yake, bado anacheka.

"Wewe umeona miguu yake. Na yeye ajue kiuno yako."

Nikaandika.

Ndui ilipokwisha, hakuna mtu wa baraza lile aliyekuwa ameugua. Gauni lilimkaa binti bila kuvuta popote. Mama akafungua sanduku. Vya fundi vilikuwa na ukungu, akavisugua siku nzima. Vyangu havikuniingia tena, miguu ilikuwa imepanuka kwa kutembea peku. Nikaenda kulalamika.

"Hiyo miguu iko mizima?" Mama akauliza.

"Iko, Mama."

"Donc, basi unalilia nini?"